Bunduki ya upepo ya mtungi inatawanya risasi? Soma hapa kabla hujaiuza bei ya kutupa



Leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno, sasa naliandika mara moja ili siku nyingine mtu akiuliza nimwelekeze hapa tu. Ni ndefu, kwa hiyo kama uko kafe na dakika zinakwisha, shuka moja kwa moja kwenye orodha ya kusoma matundu, kisha rudi siku nyingine kwa yaliyobaki.

Mjomba wangu yuko Bulwa, huku juu kwenye chai ya Usambara Mashariki. Ana bunduki ya upepo ya mtungi, milimita 5.5, anayo kihalali, na kazi yake ni kulenga karatasi nyuma ya nyumba. Mwaka juzi ikaanza kuzingua. Risasi moja katikati, nyingine juu, nyingine haijulikani ilikoenda. Siku moja akakosa ubao mzima kwa mita 25 na tukasikia mlio kwenye bati la jiko la jirani. Na mbele ya lile jiko kuna njia wanayopita akina mama wakitoka kuchuma chai. Mjomba hakusema neno, akaifungia ndani.

Mafundi watatu wakatoa hukumu. Wa kwanza: mtutu umekufa, uza. Wa pili: tupa darubini, nunua mpya. Wa tatu ndiye aliyenifanya niandike leo. Alisema tumpelekee aijaze gesi ya oksijeni kwenye mtungi wa kuchomelea, eti itapata nguvu na itanyooka. Nitarudi hapo, manake hapo kuna kifo.

Mwishowe tuliitengeneza wenyewe kwa jioni chache. Mtutu ulikuwa mzima. Somo ni moja tu: usibadilishe kitu mpaka karatasi ikuambie tatizo liko wapi, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, hata ikipona hujui kilichoiponya, na siku ikiugua tena unaanza upya.

KWANZA KABISA: SHERIA NA USALAMA

Bunduki ya upepo siyo mwanasesere. Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kabla hujanunua, hujarithi wala hujaazima, nenda polisi ukaulize unatakiwa kufanya nini, na fanya hivyo. "Ni ya upepo tu afande" siyo utetezi.

Wanyama na ndege je? Tuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuwinda bila kibali ni kosa. Kwa sisi wa huku liko na jingine. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, na misitu hii ina ndege ambao duniani wanapatikana sehemu chache sana. Kale kandege kanakorukaruka kwenye kichaka huwezi kujua ni nini mpaka umekaua. Najua kima wanamaliza mahindi, nami nimelala shambani kuwafukuza. Lakini risasi ya upepo haiui kima, inamjeruhi akaozee msituni siku tano. Lenga karatasi.

Na nyuma ya karatasi pawe na ukuta wa udongo, siyo ubao mtupu. Mjomba sasa anapiga kuelekea kwenye kingo ya mlima. Bunduki isiyojulikana inapiga wapi ni hatari kuliko inayopiga sawasawa, kwa hiyo hata kuijaribu kunataka mahali pa salama. Kabla ya kushika chochote, hakikisha hamna risasi ndani na bolti iko wazi. Kabla ya kufungua sehemu yoyote ya mtungi au vali, hewa yote iwe imetoka, geji isome sifuri. Kama huna uhakika, usifungue.

INAVYOFANYA KAZI

Mtungi umebeba hewa iliyobanwa, kawaida kama bar 200. Tairi la gari lina kama bar 2 tu, kwa hiyo pata picha. Ukivuta traiga, nyundo ndogo ya chuma inagonga vali, vali inafunguka kwa sekunde kidogo sana, hewa inatoka na kuisukuma risasi. Risasi yenyewe ina kiuno kama nyigu na sketi nyembamba nyuma. Hewa inaitanua ile sketi, nayo inashika mifereji ya ndani ya mtutu, ndipo risasi inazunguka na kwenda ikiwa imenyooka.

Teknolojia hii siyo ya jana. Jeshi la Austria lilikuwa na bunduki za upepo za Girandoni tangu karibu mwaka 1780, mtungi ukiwa ndani ya kitako. Kwa hiyo matatizo yake yanajulikana vizuri, hakuna uchawi.

Ili risasi zote zipite tundu moja, mambo manne lazima yafanane kila mara: msukumo wa hewa, risasi, mtutu, na macho (yaani darubini na wewe mwenyewe). Kutawanya kote kunatoka kwenye moja ya hayo manne.

HATUA YA 1: PIGA KARATASI, KISHA NYAMAZA USOME

Weka karatasi mita 25. Kaa chini, egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga au wa mchele, siyo kwenye jiwe. Piga asubuhi kabla upepo haujaamka, na usubiri ukungu upande, manake unyevu kwenye kioo cha darubini unakudanganya. Piga tano kwenye alama moja. USIGUSE darubini hata kama zinaenda pembeni. Kwa sasa hatutafuti katikati, tunatafuta zikae pamoja. Zikikaa pamoja pembeni, kuzileta katikati ni kazi ya dakika mbili.

Rudia makundi manne, yaani risasi 20. Andika geji ilisoma ngapi mwanzo na mwisho wa kila kundi. Kipimo changu cha kijijini: kwa mita 25 ukiwa umeegemea, matundu matano yafunikwe na kizibo cha soda, na nafasi ibaki. Ya mjomba yalitaka sahani.

KUSOMA MATUNDU

- Yamepangana wima, juu na chini: msukumo wa hewa haufanani. Nenda hatua ya 4.
- Yamepangana mlalo: upepo, au unavuta traiga vibaya, au unaiinamisha bunduki upande. Hatua ya 3.
- Makundi mawili yaliyotengana: kuna kitu kimelegea kinacheza huku na huku. Hatua ya 2.
- Manne pamoja, moja limetoroka: risasi mbovu. Hatua ya 5.
- Yametawanyika duara kubwa: mtutu mchafu au risasi hazielewani na mtutu. Hatua ya 5 na ya 6.
- Tundu ni la mviringo mrefu badala ya duara: risasi inafika ikiyumba au imelala. Angalia mdomo wa mtutu, hatua ya 6.

HATUA YA 2: SKRUBU

Ni bure, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Chukua spana ya L ndogo. Jaribu skrubu za vishikio vya darubini, skrubu za kitako, na zile ndogo zinazoshika mtutu. Zikaze zishike tu, usizikaze kama nati za lori, utaminya darubini.

Ujanja: chora mstari mwembamba wa penseli kwenye darubini pale inapokutana na kishikio. Piga risasi 20. Mstari ukihama, umempata mwizi. Wa mjomba ulihama milimita nzima. Kishikio cha mbele kilikuwa kimelegea.

Kwa wenye kitako cha mbao: huku kwetu mvua siyo ya mchezo, Amani inapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mbao inavimba na kuusukuma mtutu. Pitisha karatasi kati ya mtutu na mbao, ikikwama ujue mbao inagusa. Na angalia ile pete inayofunga mtutu kwenye mtungi. Mtungi ukijaa unatanuka kidogo na ukipungua unarudi, kwa hiyo kama pete imebana sana, mtungi unauvuta mtutu. Utaona risasi zinahama polepole kadiri hewa inavyopungua.

HATUA YA 3: MACHO NA MIKONO

Weka bunduki imetulia kwenye mifuko, tazama ndani ya darubini bila kuigusa, kisha sogeza kichwa kidogo kushoto na kulia. Msalaba ukihama juu ya karatasi, darubini yako imewekwa kwa umbali mwingine. Darubini nyingi za bunduki kubwa zimewekwa kwa karibu mita 100, ukizileta kwenye mita 25 zinadanganya. Kama ina pete ya kurekebisha umbali, irekebishe. Kama haina, weka shavu mahali palepale kila mara.

Kuinamisha bunduki: funga timazi ya fundi mwashi pale kwenye ubao. Kila ukilenga, mstari wa wima wa darubini ulale sawa na uzi wa timazi. Vijana wengi hawaamini mpaka waone tofauti. Na mpe mtu mwingine anayejua apige makundi mawili. Yake yakikaa pamoja na yako yakatawanyika, samahani ndugu yangu, bunduki ni nzima.

HATUA YA 4: HEWA

Hapa ndipo wengi wanapochemsha. Wanadhani hewa nyingi zaidi ndiyo nguvu zaidi. Kwa bunduki isiyo na regulata siyo kweli. Presha ikizidi, inaibana vali kwa ndani, nyundo inashindwa kuifungua vya kutosha, risasi inatoka POLEPOLE. Presha ikishuka kiasi, vali inafunguka vizuri na mwendo unapanda. Ikishuka sana, nguvu inakwisha na mwendo unashuka tena. Kwa hiyo kuna eneo la katikati ambapo mwendo unafanana. Hilo eneo ndilo unalotafuta.

Tofauti ni kubwa kiasi gani? Chukua risasi ya mita 250 kwa sekunde na nyingine ya mita 230. Kwa hesabu ya mvutano wa ardhi peke yake, kwenye mita 25 ile ya pili inaanguka karibu milimita 9 chini ya ya kwanza. Kwenye mita 50 inakuwa kama sentimita 3.5. Hapo hujakosea kulenga hata kidogo.

Jinsi ya kulipata: jaza mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye bunduki, USIZIDISHE KAMWE. Piga risasi 40, kila tano kwenye alama yake, andika geji. Utaona makundi ya mwanzo yako chini, ya katikati yanakaa pamoja, ya mwisho yanadondoka. Ya mjomba alikuwa anajaza 200 kila siku. Karatasi ikasema inapenda kuanzia 170 mpaka 110. Sasa anajaza 170 na basi. Pampu inamchosha kidogo, risasi zinakaa.

Kama ina regulata na risasi ya kwanza tu baada ya kulala usiku ndiyo inapotea, regulata inavujisha taratibu. Inahitaji fundi anayeijua kazi hiyo.

Kuvuja: paka maji ya sabuni kwenye viungio, angalia mapovu. Lakini kabla hujamlaumu mtu, kumbuka baridi. Ukijaza bar 200 Muheza kwenye joto la nyuzi 30, ukapanda nayo Bulwa usiku kwenye nyuzi 15, geji itasoma kama 190. Hakuna kilichovuja, hewa imepoa tu. Vilevile ukipampu haraka mtungi unapata moto, ukipoa presha inashuka. Subiri kwanza ndipo usome.

Unyevu: hewa ya huku imejaa maji. Hewa iliyoshiba unyevu kwenye nyuzi 20 ina kama gramu 17 za maji kwa mita moja ya ujazo. Mtungi wa sentimita za ujazo 200 ukijazwa mpaka bar 200 unameza lita 40 za hewa ya kawaida, na humo mna zaidi ya nusu gramu ya maji. Mara moja siyo kitu. Mwaka mzima ni kutu na vali mbovu. Usipampu wakati wa ukungu, pumzika kila baada ya dakika chache pampu ipoe, fungua kijiskrubu cha kutolea maji, na kama pampu ina kichujio cha kukausha hewa, kibadilishe kinapochoka.

HEWA GANI? SOMA HII MARA MBILI

Hewa ya kawaida tu, iliyo safi na kavu. Unaipata kwa pampu ya mkono ya presha kubwa iliyotengenezwa kwa kazi hii, au kwa mitungi ya wazamiaji, ambao huko pwani na Zanzibar wana kompresa zake. Pampu ya baiskeli haifiki, wala kompresa ya gereji, zile zinaishia kama bar 10.

OKSIJENI YA FUNDI WA KUCHOMELEA NI MARUFUKU. Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 21. Ile ya mtungi wa kuchomelea ni oksijeni karibu tupu. Ikibanwa na kukutana na grisi, mafuta au mpira wa oringi, inawaka yenyewe bila kiberiti. Chuma kinapasuka, na wakati huo kiko sentimita kumi kutoka jichoni kwako. Yule fundi wa tatu hakuwa na nia mbaya, anaitumia oksijeni kila siku na hajafa. Lakini hajawahi kuifungia ndani ya chombo chenye grisi na kukigonga na nyundo. Gesi ya kupikia na gesi ya friji nazo hapana.

Kwa sababu hiyohiyo usitie oili ya pikipiki wala mafuta ya kupenyeza kutu kwenye njia ya hewa. Hewa ikibanwa ghafla mafuta yanawaka, ndivyo injini ya dizeli inavyofanya kazi. Oringi zinapakwa grisi ya silikoni, kidogo sana. Na mtungi wenye kutu, uliobonyea au kukwaruzika sana usijazwe tena.

HATUA YA 5: RISASI

Kila mtutu una risasi unazozipenda. Mbili za kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana kabisa. Jaribu aina tatu au nne za uzito tofauti, makundi matatu kila aina, kabla ya kutoa hukumu. Usikimbilie zile nyepesi sana: risasi ya kiuno inayumba ikikaribia mwendo wa sauti, ambao ni kama mita 343 kwa sekunde. Nyingi zinatulia kwenye mita 240 hadi 280.

Halafu zitazame. Madini ya risasi ni laini. Ukizibeba mfukoni na funguo na sarafu, sketi zinabonyea na hewa inapita upande mmoja. Mimina chache kwenye kitambaa, toa zilizobonyea. Ukimaliza nawa mikono, madini haya ni sumu, na usizishike mdomoni wakati wa kujaza kama wazee walivyokuwa wanafanya.

HATUA YA 6: MTUTU

Usisukume fimbo ya chuma. Chukua mshipi wa kuvulia samaki, ukunje mara mbili, upitishe kutokea nyuma kuelekea mdomoni, weka kipande kidogo cha fulana kuukuu kwenye kitanzi, vuta. Rudia mpaka kitoke cheupe. Kwa mjomba vilikuwa vipande tisa, cha kwanza cheusi kama masizi ya chungu. Baada ya kusafisha, piga 10 mpaka 20 kabla ya kuhukumu, mtutu unahitaji kupakika risasi kidogo ndipo utulie.

Mdomo wa mtutu: ukingo wake ndio wa mwisho kuigusa risasi. Zungusha pamba polepole kwenye ukingo, nyuzi zikinasa pana mkwaruzo, mpelekee fundi mwenye mashine ya kukereza. Usisugue na tupa. Na kama mdomoni kuna kofia ya kuvalisha, ivue upige bila hiyo. Ukikuta alama za rangi ya fedha kwenye tundu lake, risasi ilikuwa inaligusa wakati wa kutoka.

YA MJOMBA ILIISHAJE

Kishikio kilicholegea, hewa iliyozidi, mtutu mchafu. Vitu vitatu, na kila kimoja tulikiona kwenye karatasi kwa wakati wake. Gharama ilikuwa mshipi, fulana moja iliyochakaa na kopo jipya la risasi. Sasa tano zinaingia chini ya kizibo cha soda. Darubini ni ileile aliyoambiwa atupe. Na yule mama mwenye jiko la bati, mjomba alimpelekea bati jipya na kuomba radhi, manake lile tundu lilikuwa usawa wa kichwa cha mtu.

Yule fundi wa oksijeni nilirudi kumweleza. Alinisikiliza, akanyamaza, kisha akaniambia kuna kijana mwingine alishamuahidi wiki ile. Nashukuru nilimkuta kabla ya kijana.

Kwa hiyo mdau, ukisikia mtu anashauriwa oksijeni, mwonyeshe ukurasa huu. Mwenye nyongeza au anayenipinga aandike kwenye maoni hapo chini, ila aseme karatasi yake ilionyesha nini.

Nawasilisha.